Mjue Mhusika Kabla ya Kupanga Kisa

Msomaji mmoja kaniandikia. Ana stori ya filamu yenye utekaji, mirathi na mapacha waliopotezana, na ameshaipanga mpaka sini ya mwisho, ila kila anayemsimulia anamwambia haimgusi. Nikamuuliza: huyo dada wa kwenye stori yako, akiamka asubuhi anaanza na nini? Hakuwa na jibu.

Filamu yangu fupi iliyoonyeshwa juzi, watu wakabishana hadi nje getini, ilianza na mama lishe asiye na kisa chochote. Niliishi naye kichwani muda mrefu. Nilijua pesa anafunga kwenye pindo la kanga. Nilijua konda wa daladala akija anamkopesha wali maharage bila maswali, lakini mdogo wake wa damu akija kukopa anamfukuza mbele za wateja. Kwa nini? Hilo lilininyima usingizi mpaka nikapata: mdogo ndiye aliyesomeshwa, yeye akatolewa shule akauze vitumbua. Basi nikamtwisha mkopo wa kausha damu. Siku ya marejesho hana kitu, na mwenye uwezo wa kumwokoa ni mmoja tu, yuleyule mdogo. Kisa kikaja chenyewe.

Prodyuza mmoja aliisoma skripti, akanirudishia mbele ya wenzangu: "Hii haina stori. Weka hata mchawi mmoja." Maneno yale bado yananichoma, sifichi. Lakini mama lishe alipopiga simu kwa mdogo wake, akakata kabla haijapokelewa, ukumbi mzima uliguna. Hapakuwa na mchawi pale.

Tazama filamu ya Kenya, Nairobi Half Life, ya mwaka 2012. Mhusika mkuu, Mwas, anauza filamu kijijini huku akiwaigizia wateja. Anachotaka ni kuwa mwigizaji. Nairobi anaangukia kwenye genge, na kila hatari inatuuma kwa kuwa tunajua anachokitamani. Mtoe Mwas, weka kijana yeyote, unabaki na wizi wa vipuri vya magari.

Waandishi wenzangu, tuache kujificha nyuma ya matukio. Mtazamaji anafuata mtu. Mjue mtu wako: anataka nini, anaficha nini, lipi hawezi kulifanya hata kwa mtutu wa bunduki. Kisha mpeleke hapohapo asipopaweza. Usipomjua wewe, mwigizaji atamjulia wapi?

Na wewe uliyeniandikia, mapacha waweke pembeni kwanza. Niandikie siku moja ya kawaida ya huyo dada, toka anapoamka mpaka anapolala, bila utekaji wala mirathi, unitumie niisome.