Uliza Ujibiwe: Leso kaielewa, kuchora hajui, nimpe maksi ngapi?

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni mwalimu wa junia seko huku Likoni, nafundisha sanaa Gredi ya 8. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja alete leso (kanga) ya nyumbani, aichore, halafu atueleze inasema nini na kwa nini imetengenezwa vile. Sasa kuna kijana kachora pindo safi mpaka utadhani imechapishwa, ukimuuliza anakwambia "ni leso ya mama", basi. Na kuna binti, mistari yake yote imepinda, lakini alivyoieleza yake nilibaki mdomo wazi. Yake ina jina "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", akasema shangazi yake huivaa akijua atapita kwa jirani fulani tu, tena akaonyesha kwamba ukijifunga jina linakaa nyuma, kwa hiyo msomaji ni yule unayemwacha nyuma yako. Mwalimu mkuu ashasema sanaa ni kuchora, kijana apewe EE (amepita matarajio, daraja la juu). Mimi roho inakataa.

JIBU: Na ikatae kabisa mwalimu! Wewe mwenyewe uliuliza mambo mawili, aichore na aieleze, sasa ukitoa maksi kwa kuchora peke yake utakuwa umesahihisha nusu ya karatasi. Huyo binti kakupa ushahidi, hajakwambia tu "leso inasema watu wasiogope", kakuonyesha na mahali jina lilipokaa mwilini, hiyo ndiyo kazi ngumu yenyewe na wakubwa wengi hawaiwezi.

Mimi ningefanya hivi, maksi 20 nizigawe mara nne. Tano za kuona: kataja pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (yale maandishi), kaona rangi ngapi, kaona kile kinachojirudia kwenye pembe. Tano za kufasiri, na hapa kuna swali moja tu la kumbana nalo, "unaona nini hapo kinachokufanya useme hivyo?", swali lenyewe limezoeleka sana kwa wanaofundisha watoto kwenye makumbusho ya sanaa huko Marekani na linafanya kazi hata darasa la watoto sitini, manake anayebahatisha utamjua papo hapo. Tano za habari zinazoizunguka leso, nani kaichapa, nani anauza, nani anavaa na wapi. Ukiwa Mombasa hii ni rahisi, mtoto aangalie kama kuna maandishi madogo "Mali ya Abdulla", hao wako kwenye biashara hii tangu 1887 na duka lipo hapo Barabara ya Biashara, anaenda anauliza mwenyewe. Tano za mwisho ndio mkono sasa, abuni leso yake na aseme kwa nini jina hili na rangi hii.

Kwa hesabu hiyo kijana wako atapata zote za kuona, atapata na nyingi za mkono, kwingine patupu, anaangukia kwenye kumi hivi. Binti anafika kumi na tano au sita hata na mistari iliyopinda. Na usimwache kijana hivyo hivyo, mkae naye pembeni na leso ya mama yake, umuulize mbona pindo ni nene kuliko mistari ya ndani, anajua sana huyo ila hajawahi kuulizwa.

Mwalimu mkuu usibishane naye ofisini. Mwandikie rubriki (mwongozo wa kugawa maksi) ukurasa mmoja, mpe KABLA ya kazi inayofuata, na wanafunzi pia wapate kabla, ukiileta baadaye itaonekana umeitunga kumwokoa mtu. Yale ya mdomo yarekodi kwa simu au andika sentensi moja moja wakiwa wanaongea, ziwekwe kwenye potfolio (faili ya kazi za mwanafunzi) pamoja na mchoro wa kwanza na wa mwisho, siku akiuliza maksi zimetoka wapi unamfungulia tu.

Ila jambo moja limenitia wasiwasi. Majina ya leso ni mafumbo na mafumbo mengine ni ugomvi wa nyumbani kabisa, mke mwenza, mawifi, mambo hayo. Usimlazimishe mtoto asimame aeleze mbele ya wenzake. Anayetaka achague kitu kingine, kwa mfano ukuta wa duka uliopakwa kijani cha Safaricom au nyekundu ya Airtel mpaka hujui kama wanauza unga au kredi, nani alilipia rangi na mwenye duka alipata nini? Au manyanga zetu hizi, matatu zilizopambwa, 2004 sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipokuja mstari wa manjano ukawa lazima na michoro ikabanwa, baadaye ikarudi kwa fujo, mtoto atafute utingo (kondakta) wa zamani amuulize gari lilikuwaje kabla na serikali iliogopa nini kwenye picha. Hapo hata wale wanaolala darasani wataamka.

SWALI: Mwanangu anachora Spider-Man huwezi kutofautisha na wa kwenye TV, mwalimu kampa AE (anakaribia matarajio, hajayafikia) kwenye sanaa. Ni wivu ama? Mama wa Kilifi.

JIBU: Mama, wivu sidhani. Omba uone swali lenyewe kwanza. Kama aliulizwa kwa nini bango fulani limetumia nyekundu yeye akachora Spider-Man, AE ni haki yake. Lakini nyumbani mwache achore, kunakili kunafundisha mkono, usimnyime penseli kwa sababu ya hilo.

SWALI: Naeza kutumia AI kutengeneza bango la projekti? Gredi ya 9, Nairobi.

JIBU: Ukificha ni kuiba. Ukisema wazi, weka picha zote ilizokupa, zile ulizokataa pia, na uandike ulikataa kwa sababu gani, maksi zako zitatoka hapo manake picha yenyewe hukuichora. Ila muulize mwalimu wako kwanza, wengine hawataki kabisa kusikia.