Zein upande A, Gor Mahia upande B

Wiki hii mmetuuliza: ni albamu gani ya msanii wa indie usiyochoka kuisikiliza, na kwa nini? Ntasema ukweli, swali limenichoma kidogo. Manake majibu nishayajua, vijana wa Nairobi watawaletea Just a Band na ile Scratch to Reveal yao ya 2008, wengine watamtaja Ayub Ogada na nyatiti yake, En Mana Kuoyo ya 1993, na sina ubaya nazo, zote nzuri. Lakini hii indie mnaizungumza kama kitu kilichoingia na intaneti, na sisi hapa Amu, yaani Lamu, tumekulia ndani yake bila kujua ina jina. Msanii hana kampuni wala meneja, yuaimba harusini, mtu kaweka tepu yake mbele ya spika karikodi, kufika asubuhi kanda ishadabiwa mara tatu na ya nne iko kwenye boti yaenda Faza. Hiyo kama si indie ni nini?

Kwa hivyo n'liketi kuandika kwamba jibu langu ni Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, ile ala ya nyuzi, basi. Mzaliwa wa hapa hapa, 1939, akahamia Mombasa na udi wake, akafariki 2016. Watu wa Malindi najua mtasema Juma Bhalo, mwimbaji mwengine wa taarabu, na Bhalo ni Bhalo, simgusi.

Sasa ngojeni niwaeleze kanda yenyewe. Ami yangu alikuwa mshona kofia za vito, kila siku tangu alasiri mpaka magharibi yuko barazani Langoni na sindano yake, na ubavuni tepu kubwa ya betri sita. Betri zikichoka zaanikwa juani juu ya ukuta, na mimi ndio mlinzi, kama zinazoanikwa ni papa. Alikuwa na kanda moja ya Zein aliyoletewa kutoka Mombasa, imerikodiwa harusini, na utamu wake ulikuwa kwenye vile visivyokuwa mziki: mtu anakohoa, mtu anakwenda kutuza anaikwaa waya ya maikrofoni, mtoto analia mwanzo wa wimbo wa pili, na kuna mwanamke mmoja juu darini anapiga kigelegele kabla ya wakati wake, beti haijaisha. Tulikuwa tukimngoja yule mwanamke. Hata leo nikiusikia wimbo ule kwengine namngoja, haji.

Basi 5 Disemba 1987, Jumamosi, Gor Mahia wanacheza na Esperance ya Tunisia pale Kasarani, fainali ya Kombe la Mandela, mechi ya kwanza kule Tunis walitoka mbili mbili. Mimi nna miaka 11, redio zote za mtaa ziko juu, n'kaingiwa na wazimu kwamba mpira huu lazima niuweke. Kanda tupu sina. Ami kaenda msibani Matondoni. Na ile kanda ya Zein ilikuwa ishavunjwa vile vijino viwili vya juu, waliotumia kanda wanajua, ukishavivunja batani nyekundu haishuki tena, hairikodiki. Yaani ami kaifunga makusudi. N'katafuna karatasi ya daftari la hesabu n'kaijaza kwenye kitundu. Naeleza haya mjue kwamba sikukosea, n'likuwa najua hasa ninalofanya. Upande A n'liuogopa kwa sababu ya yule mwanamke. N'kageuza upande B, mkanda uko katikati ya wimbo, n'kabonyeza, ikashuka.

Ami alirudi siku ya pili. Siku ya tatu wazee watano wako barazani, mimi nimeshika dele la kahawa, akaweka upande B. Udi ukaingia, Zein akapanda, akashuka, anataka kupanda tena, mara kraa! mtangazaji wa Sauti ya Kenya anapiga ukelele mpira uko pembeni, na nyuma yake uwanja mzima wavuma. Hakuna aliyesema kitu. Ami hata macho hakuinua, aliendelea kupitisha sindano tundu kwa tundu, na mpira ukaendelea, dakika 20 hivi, mimi sijui niweke dele chini au nikimbie nalo, mpaka mkanda ukafika mwisho, tak, batani ikaruka kabla ya filimbi. Ndipo akauliza, "Walimaliza ngapi?"

"Moja moja, ami."

"Sare?"

N'kamwambia sare lakini kombe kapewa Gor, sababu ya mabao ya ugenini. Akafikiri kidogo. "Umeniharibia Zein wangu, na mpira wenyewe hukuumaliza."

Adhabu yote ni hiyo. Na ile karatasi hakuitoa. Kanda ikaendelea kupigwa vile vile miaka na miaka, udi ukifika pale mmoja wao husema haya, Gor hao, na kuna mzee mmoja nna yakini alidhani wimbo ndivyo ulivyo.

Nimeandika nimefika hapa n'karudi kulisoma swali, na jibu langu limeanza kulegea. Mmesema albamu. Kanda ile si albamu, haina jina, nyimbo hazikupangwa na mtu, ziko vile harusi ilivyokwenda, na yetu ina Kasarani ndani. Albamu halisi ya Zein ipo, Mtindo wa Mombasa, ilitolewa na Globestyle ya London 1990, kampuni ndogo, indie kamili. Nimeisikiliza, udi umetoka safi. Safi mno. Hamna anayekohoa. Mara ya tatu n'kachoka, na naona haya kuandika hivyo lakini nishaandika.

Na kuna jingine. 2009 n'likuwa nafanya kazi nyumba ya wageni Shela, mgeni akaniachia CD, For Emma, Forever Ago, ya Bon Iver. Jamaa jina lake Justin Vernon, bendi ilivunjika, mapenzi nayo yakavunjika, akenda kujifungia kwenye kibanda cha babake msituni Wisconsin kule Marekani, wakati wa baridi, miezi mitatu hivi, akarikodi peke yake, akaitoa mwenyewe 2007, kampuni ikaja kuichukua mwaka uliofuata. Sauti nyembamba, ya juu, kaipanga juu ya sauti yake mwenyewe. N'kampigia ami, mzee sana wakati huo, akasikiliza wimbo mmoja na nusu akauliza, "Huyu kijana ana maradhi?" N'kacheka. Baadaye nasoma kumbe kweli, kabla ya kwenda kule aliugua mpaka ini, kalala miezi. Ami kamjua kwa sauti tu.

Siku hizi nna kibanda cha simu, nabadilisha skrini, nawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi (najua, msanii wa indie hapati hata senti hapo, msinianze). Usiku nikifunga, stima ikiwepo, naweka ile ya Wisconsin nikihesabu pesa, nyimbo zote tisa, dakika 37, siruki hata mmoja. Theluji sijaiona, maneno nayashika nusu. Kanda ya ami iliota ukungu, mwisho tepu ikaila, imo kwenye mkebe wa biskuti kabatini.

Basi andikeni Bon Iver. Nasema kwa kuisikiliza, sisemi kwa kuipenda, na lau ile kanda ingekuwa yapiga mpaka leo pengine nisingewaandikia haya. Na chini msiweke Langoni, wekeni tu msomaji, Lamu, manake wazee wawili wa baraza ile bado wapo na wajukuu wao wana simu.