Mimba imetunga nje ya kizazi: sindano, kisu au kusubiri?

Daktari akishasema mimba haimo ndani ya kizazi, swali la kwanza la wengi ni kama inaweza kuhamishwa. Haiwezekani. Hakuna njia ya kuitoa kwenye mrija na kuipandikiza mahali pake ikaendelea kukua. Kinachobaki ni kuamua iondoke vipi, na muda wa kuamua unaweza kuwa siku mbili au dakika kumi.

Zaidi ya mimba 9 kati ya 10 za namna hii hutunga kwenye mrija wa uzazi, na hizo ndizo tunazozizungumzia. Iliyotunga kwenye shingo ya kizazi, kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua, au pale mrija unapopenya ukuta wa kizazi ina taratibu zake. Namba zilizomo humu zisitumike kwa hizo.

Kuchagua ni kwa yule ambaye mrija wake haujapasuka. Ukipata maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia, jasho la baridi, kujisikia kama haja kubwa inakubana na choo hakitoki, au maumivu kwenye ncha ya bega, hapo hakuna tena mjadala wa sindano. Bega hudanganya wengi, wakadhani wamelala vibaya. Damu iliyovuja tumboni huchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho inachipuka sehemu moja na ile ya bega, ubongo husoma kwamba bega ndilo linalouma. Mtu wa hivyo anakwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, saa hiyo hiyo, bila kula wala kunywa kitu.

Kama hali imetulia, omba majibu yako na uyaandike: kiwango cha homoni ya ujauzito (hCG) na tarehe kilipopimwa, ukubwa wa uvimbe wa mimba kwenye mrija kwa milimita, kama moyo wa kijusi unaonekana ukidunda, kama kuna damu tumboni na kiasi gani, wingi wa damu, kundi la damu, na hali ya ini na figo. Uamuzi wote unasimama juu ya hayo.

Kisha uliza swali moja ambalo wagonjwa wengi hulisahau: mmeuona uvimbe kwenye mrija, au hamjaona kitu ndani ya kizazi tu? Hayo ni mambo mawili tofauti. Mimba changa iliyokaa vizuri inaweza isionekane kwenye ultrasaundi kwa sababu ya uchanga wake tu, na methotreksate (dawa ya sindano inayozuia mimba isiendelee kukua) ikidungwa wakati huo itaiharibu. Ikiwa huna maumivu makali wala dalili za kuvuja damu, kurudia hCG baada ya saa 48 na kupiga ultrasaundi nyingine ni busara. Mimba changa iliyo mahali pake kwa kawaida hupandisha hCG kwa karibu nusu au zaidi katika saa hizo. Ila mimba ya mrijani nayo huweza kupanda hivyo hivyo, kwa hiyo namba peke yake isikutulize.

Kusubiri chini ya uangalizi kunafaa kwa wachache: huna maumivu, uvimbe uko chini ya milimita 35, hakuna mapigo ya moyo, na hCG iko chini ya uniti 1,000 kwa lita, pengine hadi 1,500, tena inashuka yenyewe. Mwongozo wa Uingereza unataka ipimwe siku ya 2, ya 4 na ya 7, na kila kipimo kiwe kimeshuka kwa asilimia 15 au zaidi kutoka kile kilichotangulia. Ikishuka hivyo, unapima kila wiki hadi iwe chini ya 20. Ikigoma kushuka, njia hiyo imefungwa, unahamia nyingine.

Methotreksate ndiyo inayovutia wengi, kwa kuwa inasikika kama sindano moja na habari imekwisha. Sivyo. Ukikubali sindano umekubali wiki kadhaa za kupimwa damu, mara nyingi 2 hadi 4, na nyingine hufika 8. Katika wiki zote hizo mrija unaweza kupasuka, hata hCG ikiwa inashuka. Kwa hiyo unaishi umbali gani kutoka penye chumba cha upasuaji, na nani atakupeleka usiku wa manane, ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dawa yenyewe. Asiyeweza kurudi kwa vipimo, hata namba zake zikiwa nzuri, tungemshauri upasuaji.

Dawa hii huzuia seli zinazogawanyika kwa kasi zisitumie foliki asidi. Inafanya vizuri hCG ikiwa chini ya 1,500. Kati ya 1,500 na 5,000 sindano na upasuaji vyote viwili vinaweza kujadiliwa. Ikifika 5,000 na kuendelea, au uvimbe ukifika milimita 35, au moyo wa kijusi ukidunda, uwezekano wa dawa kushindwa unaongezeka na upasuaji unapewa nafasi ya kwanza. Haipewi kabisa anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini au figo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyomsumbua sasa, mwenye ugonjwa wa mapafu unaoendelea, wala mwenye upungufu mkubwa wa chembe za damu.

Dozi iliyozoeleka ni miligramu 50 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, sindano ya msuli. Mwenye kilo 65 na urefu wa sentimita 160 ana eneo la takriban mita za mraba 1.7, hivyo anapata miligramu 85. Siku ya sindano inahesabiwa kuwa ya 1. Unapima hCG siku ya 4 na ya 7, na linganisho ni kati ya hizo mbili, si na siku ya kwanza. Wengi hushtuka hapa, maana siku ya 4 namba huweza kuwa juu kuliko ya mwanzo, na hilo halimaanishi dawa imeshindwa. Tuseme ulianza na 2,100, siku ya 4 ikawa 2,400. Siku ya 7 inatakiwa isizidi 2,040, yaani iwe imeshuka kwa asilimia 15 au zaidi. Ikizidi, kwa kawaida unapewa sindano ya pili. Ikishuka vya kutosha, unapima kila wiki mpaka homoni iishe.

Mambo yanayoiharibu dawa hii yamo ndani ya kabati la nyumbani. Vidonge vya ujauzito na vingi vya kuongeza damu vina foliki asidi, ambayo inapingana na dawa moja kwa moja, basi soma karatasi yake kabla ya kumeza. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huchelewesha figo kuitoa dawa mwilini. Tumia parasetamoli. Pombe iache, jua kali likwepe, na tendo la ndoa pamoja na kunyanyua vizito visubiri mpaka homoni iishe. Kati ya siku ya 3 na ya 7 maumivu ya tumbo huja kwa wengi, na kwa maneno tu hakuna anayeweza kuyatofautisha na ya mrija kupasuka. Yakizidi au yasipotulia kwa parasetamoli, nenda ukaangaliwe. Usione aibu kurudi mara tatu.

Upasuaji kwa matundu madogo una maumivu machache na kupona haraka kuliko kufungua tumbo, lakini mtu anayevuja damu nyingi hufunguliwa kwa njia ambayo mpasuaji aliyepo anaimudu upesi. Swali la kuulizwa kabla ya nusukaputi ni kama mrija utatolewa wote au utachanwa, mimba itolewe, mrija ubaki. Wengi hudhani kuubakiza ni lazima ndiyo wazae tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake wenye mrija wa pili mzima ulikuta kwamba ndani ya miaka 3, takriban 61 kwa 100 waliobakiziwa mrija walipata mimba ya kawaida, dhidi ya 56 waliotolewa, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha faida. Waliobakiziwa, 7 kwa 100 walibaki na mabaki ya mimba yanayoendelea kukua, ndiyo maana wao hupimwa hCG kila wiki baada ya upasuaji. Kama mrija wa pili ni mzima, kutolewa huu ulioharibika ni sawa. Yai la upande uliokatwa huweza hata kudakwa na mrija wa upande wa pili. Kama wa pili umeziba au haupo, hapo kuubakiza kuna hoja.

Mwenye kundi la damu hasi aulize kuhusu sindano ya anti-D (hukinga mimba zijazo zisidhuriwe na tofauti ya makundi ya damu) kabla hajaruhusiwa, hasa akifanyiwa upasuaji.

Baada ya methotreksate, subiri angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na panga uzazi kwa muda huo. Aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi mara moja ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuipata tena. Mimba inayofuata isingoje kliniki ya kawaida: ultrasaundi ifanyike wiki ya 6 au ya 7, na maumivu yakija kabla ya hapo, siku hiyo hiyo.