Ukianza kazi ya ulinzi wa raia kwenye kambi ya waliokimbia makwao

Wiki ya kwanza weka fomu pembeni, tembea. Pita njia ya maji, ya kuni na ya choo kwa saa zile wanazopita wakazi wenyewe, alfajiri na magharibi. Saa nne asubuhi, gari la shirika likiwa limeegeshwa pale, kila njia ni salama. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka maji yasizidi mita 500 kutoka nyumbani na foleni isizidi dakika 30. Ikizidi, anayechelewa kurudi gizani ni mama, au mtoto aliyetumwa.

Chooni, ingia ujifungie. Komeo likikosekana kwa ndani, jioni wanawake wataenda vichakani, hata choo kiwe kipya. Taa nayo ina mtego wake: ikiwaka mlangoni tu, njia ikabaki giza, vijana huigeuza kijiwe.

Usimuulize mtu kama amewahi kubakwa. Uliza: "Wapi wanawake hawapiti peke yao, na ni saa ngapi?" Aulize mwanamke, wanaume wakiwa kikao chao, na kiongozi wa kambi asiwepo. Pengine yeye ndiye anayeuza kadi za chakula.

Manusura wa ubakaji akijieleza mwenyewe, sikiliza, usipeleleze. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa hizo. Mweleze hilo, mwache aamue. Kwenda polisi pia ni uamuzi wake. Wengi hukwama hapa: orodha ya rufaa, yaani ya mahali pa kumwelekeza manusura apate huduma, ni ya miezi sita iliyopita, zahanati imeishiwa dawa, na mtu ametembea bure. Piga simu kila wiki kuhakikisha.

Daftari lenye jina, namba ya hema na kisa kwenye ukurasa mmoja, likikaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani, limeshamuuza mtu. Andika msimbo, majina yafungiwe kwingine.

Mtoto aliyepotezana na wazazi usimhamishe haraka. Waulize kwanza walio karibu, kisha andika mahali, saa, nguo alizovaa na aliyekuwa naye. Wa miaka minne hajui jina la ukoo. Muulize nyumbani wanamwitaje, bibi anaitwaje, jirani anafuga nini, na uandike kwa maneno yake. "Kwa babu wa mbuzi mmoja" kwako halina maana, ila waliotoka kijiji hicho watajua ni mlango upi.