Anti, nitume hela kwanza au nisubiri mzigo?

Habari Anti. Kijana wangu kamaliza darasa la saba na nilimuahidi gemu. Nimeona PS5 kwenye peji moja ya Insta, bei iko chini kuliko Kariakoo, ila muuzaji anataka nusu ya hela ndo ampe bodaboda aniletee. Kaka yake ana CD kama kumi za PS4, nataka azitumie hizo hizo. Nitume?
Mama wa Watatu, Tandika

Nzuri mama, na hongera kwa kijana. Usitume. Mimi niliwahi kutuma nusu ya magauni mawili ya sikukuu, nikablokiwa hata sijamaliza kuuliza bodaboda kafika wapi, mpaka leo roho inaniuma. Mwambie alete, ufungue, uchomeke kwenye TV yako hapo hapo, ikiwaka ndo unalipa. Akikataa mfuate dukani, na kama hana duka achana naye. Hata huko dukani ukilipa kwa lipa namba soma jina linalokuja kabla hujaweka namba ya siri, likiwa silo la duka simama kwanza uulize.

Sasa hilo la CD ndo limenishtua. PS5 tangu zitoke 2020 ziko za aina mbili, kuna yenye mdomo wa CD na kuna Digital Edition ambayo haina kabisa pa kuingizia, na ukiona bei imeshuka mara nyingi ni hiyo. Ukiichukua, zile CD kumi hazina kazi tena, mtoto itabidi apakue kila gemu kwa intaneti na gemu moja kubwa inaweza kula GB 50 mpaka 100, sasa kwa bando la simu si utalia mama! Yenye mdomo inasoma CD za PS4 karibu zote. Kwahiyo omba picha halisi ya mbele, sio ya gugo, uone ule mstari wa CD. Zile nyembamba zilizotoka 2023 unaweza kununua mdomo wake pembeni ukaupachika, ila hiyo ni hela nyingine. Na akikwambia ina gemu ndani muulize ziko kwenye akaunti ya nani, maana kama ni yake ni yeye ndo mwenye nazo, siku akiamua kuifunga mtoto hachezi.

Shikamoo Anti. Nimeagiza jinzi 34 kwenye app ya Kichina, haipiti mapajani, wakati mtumba navaa 34 hiyo hiyo. Shida nini?
Kijana wa Ubungo

Marahaba mwanangu. Hiyo 34 ni inchi za kiuno, kama sentimita 86, paja haliongelewi hapo kabisa. Chukua jinzi inayokukaa vizuri, ilaze kitandani, pima paja na kiuno kwa futi ya fundi cherehani (vyote zidisha mara mbili) halafu linganisha na lile jedwali la sentimita chini ya picha. Hiyo iliyokuja muuzie mwenye miguu myembamba, kuirudisha China nauli itakumaliza.

Anti, kaka yangu yuko Minnesota, ataka kututumia TV na DVD za watoto kwa kontena. Zitafanya kazi huku?
Msomaji wa Likoni, Mombasa

Mwambie asome stika ya nyuma ya TV. Ikiandikwa 100-240V 50/60Hz hamna shida, badilisheni plagi tu. Ikiwa ni 120V peke yake msiithubutu kwenye soketi, umeme wa Kenya ni 240V na utaiunguza mara moja, na hiyo transfoma ya kushusha ni gharama tena juu ya gharama. Antena pia haitashika chaneli za huko kwenu kwasababu TV za Marekani zinapokea mfumo wa matangazo uitwao ATSC na Kenya mnarusha kwa mfumo mwingine, DVB-T2, ila mkiweka dikoda kwa waya wa HDMI mtaona vizuri, YouTube nayo haina neno. DVD zake nyingi ni za rijini 1 (rijini ni kanda ya dunia ambayo DVD imefungiwa), Afrika Mashariki ni rijini 5, deki ya kawaida itazikataa kwahiyo nafasi hiyo ajaze nguo. Apige picha ya stika leo akutumie, kabla kontena halijafungwa.