Kwa nini selimundu haijafutika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba uteuzi asilia huondoa sifa zenye madhara. Mdogo wangu ana selimundu, na zamani watoto wengi wa hali yake hawakufika ukubwani. Mbona ugonjwa haujaisha, tena umejaa huku kwetu Kanda ya Ziwa? Ni kweli miili yetu iliuzalisha ili ipambane na malaria? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Uteuzi asilia hautazami kama sifa ni njema au mbaya. Kinachohesabika ni nani, katika mazingira aliyomo, anaishi hadi kuzaa, na anaacha watoto wangapi.

Selimundu inatokana na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida tuiite A, iliyobadilika S. Mwenye nakala mbili zilizobadilika (SS) anaugua: chembe zake nyekundu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mwenye nakala moja iliyobadilika (AS) kwa kawaida anaishi bila shida yoyote, na siri yote iko kwake. Vimelea vya malaria havistawi vizuri katika chembe zake. Malaria anaweza kuugua, lakini ile kali inayoua watoto wadogo humpungukia kwa takriban asilimia 90.

Sasa fikiria kijiji cha kando ya ziwa miaka mia tatu iliyopita, hakuna dawa wala chandarua. Watoto wa SS wanakufa kwa selimundu. Wa AA wengi wanakufa kwa malaria. Wa AS ndio wanaokua, wanaoa, wanaolewa, na kila mtoto wao ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi S kutoka kwao. Jeni inayoua inabebwa na wale wale inaowaokoa, basi itaishaje?

Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliliona hili kwenye damu za watu mwaka 1949: S ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo sababu. S ipo pia India, mashariki ya Saudia na sehemu za Ugiriki, kote kulikokuwa na malaria.

Ila neno "ili" katika swali lako naomba tuling'oe, maana linapotosha wanafunzi wengi mno. Hakuna mwili uliokusudia chochote. Herufi ilikosewa kunakiliwa, kama zinavyokosewa nyingine kila kizazi. Malaria haikulileta kosa hilo, ililikuta, ikalieneza.

Na jambo linalokuhusu wewe. Ikiwa wazazi wenu wote wawili ni AS na wewe huugui, uwezekano wako wa kuwa AS ni theluthi mbili. Kapime kabla ya kuoa au kuolewa. Ukikutana na mwenzako wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, hata kama iliyotangulia ilikuwa salama. Chandarua usikiache, hata majibu yakisema AS.