Nilivyoijenga upya deki ya nyuma ya nyumba, na kwa nini uanze kuikagua kutoka chini

Idi kubwa ya 2023 iliangukia mwisho wa Juni, na kwetu huku Minnesota huo ndio msimu ambao hakuna anayetaka kukaa ndani. Tulikuwa tumealika familia kama nane. Sinia za pilau zilikuwa bado zinatoka jikoni nilipoisikia deki ikilia chini ya miguu ya wageni. Haukuwa mlio wa ubao mmoja mkavu. Ulikuwa mlio wa kitu kizito kinachosogea pale ukutani. Nikawaomba wageni, taratibu, tuhamie kwenye majani tukatandike mikeka. Walipokwisha kuondoka usiku, nikachukua tochi na bisibisi nikaingia uvunguni.

Kwa aliye nyumbani na hajaiona, deki ni jukwaa la mbao linaloanzia mlango wa nyuma wa nyumba, limekaa juu ya nguzo na kuzungushiwa reli. Linafanya kazi ya baraza, ila kwa nyuma. Kiswahili kina neno sitaha, la jahazini, lakini Waswahili wote ninaowajua huku wanasema deki, nami nitasema hivyo hivyo.

Deki yetu tuliikuta na nyumba, imejengwa miaka ya tisini, futi 12 kwa 16. Kwa miaka minne nilikuwa nikiipaka rangi kila kiangazi na kubadilisha ubao mmoja mmoja uliopasuka, nikiamini naitunza. Usiku ule nikaona kwamba nilikuwa naremba kaburi. Ubao mrefu unaobanwa kwenye ukuta wa nyumba, ule unaobeba karibu nusu ya uzito wote, ulikuwa umeshikwa kwa misumari mitupu. Nikausukuma kwa bisibisi, ikazama inchi mbili kama inaingia kwenye muhogo uliochemka. Juu ya ubao huo walikuwa wamesimama watoto wangu na watoto wa wenzangu.

Kama una deki ya zamani, usisubiri hadi umalize kusoma makala hii. Chukua bisibisi ushuke chini. Choma ubao wa ukutani kila baada ya futi moja, choma boriti pale zinapoungana nao, choma nguzo pale zinapogusa ardhi au zege. Mbao nzima inakataa, bisibisi inaacha alama tu. Iliyooza inapokea. Kisha tafuta vichwa vya bolti kwenye ule ubao wa ukutani. Ukiona vichwa vya misumari peke yake, usiwapandishe watu hapo tena.

Sababu ni maji, na ni muhimu uielewe maana kila uamuzi wa kazi hii unatoka hapo. Mvua ikinyesha juu ya mbao ikakauka siku hiyo hiyo, mbao haipati neno. Inapoingia kwenye mwanya kati ya ubao na ukuta, haina pa kutokea. Theluji ya Machi inapoyeyuka pole pole inaingia humo humo. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, kuvu wanaanza kuila, na wanaila kutoka ndani huku rangi ya juu ikiendelea kupendeza. Mwaka 2015 huko Berkeley, California, roshani ya ghorofani iliporomoka wakati wa sherehe na vijana 6 wakafariki, wengi wao wanafunzi kutoka Ireland. Boriti zilikuwa zimeoza ndani kwa unyevu.

Mkandarasi aliyekuja kuangalia alinitajia dola 17,000. Nilimpigia mjomba wangu, seremala wa Pangani, nikitarajia aniambie kazi hii si ya mtu wa ofisini. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza swali moja: "Boriti zinakwenda upana gani bila nguzo?" Nikamwambia futi 10. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mbao zenu ndefu. Fuata kipimo chao, usifuate jicho lako." Kwake swali hilo ni la asili. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani, Unguja hadi Lamu, ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Mbao ndiyo iliyoamua chumba kiwe na upana gani. Huku ni hesabu hiyo hiyo, ila imeandikwa kwenye majedwali ya kanuni za ujenzi: aina ya mbao, unene wake, nafasi kati ya boriti na boriti, halafu unasoma umbali unaoruhusiwa. Jedwali linachukulia kwamba kila futi ya mraba itabeba pauni 40 za watu na vitu. Kwa deki yangu nilitumia mbao za inchi 2 kwa 8, nafasi ya inchi 16 kutoka kati hadi kati, zikavuka futi 10 na kuning'inia futi 2 mbele ya mhimili unaolala juu ya nguzo.

Kabla ya kubomoa nilifanya mambo mawili ambayo wenzetu wengi huyaruka. Kwanza nilichukua kibali cha mji. Najua wengi wetu tukisikia ofisi tunasikia usumbufu, lakini hapa kibali kinakununulia jicho la pili. Mkaguzi alikuja mara tatu na kila mara aliniokoa na kosa, nitakueleza moja. Pili, nilipiga 811, namba ya bure inayofanya kazi Marekani nzima, ya kuuliza kilichozikwa ardhini kabla hujachimba. Baada ya siku chache za kazi wakaja kupaka rangi kwenye majani kuonyesha kilichozikwa: njano gesi, nyekundu umeme, rangi ya chungwa nyaya za simu na intaneti. Mstari wa njano ulipita chini ya futi mbili kutoka mahali nilipokuwa nimepanga kuchimba shimo la kwanza.

Sasa neno kuhusu mbao unazozitoa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mbao zilizotiwa dawa kabla ya 2004 huku Marekani, zile zenye ukijani uliofifia, kwa kawaida zilitiwa dawa yenye aseniki, sumu kali. Mwishoni mwa 2003 dawa hiyo iliondolewa kwenye mbao za majumbani. Kwa hiyo usizichome. Usizichomee nyama, usizifanye kuni za moto wa jioni, wala usizungushie bustani yako ya mchicha. Moshi na jivu lake vina sumu. Nilivaa barakoa na glavu wakati wa kukata, nikakusanya unga wa msumeno kwenye turubai, nikazipeleka zote jalala linalozipokea. Mzee mmoja jirani alitaka apewe za kuchochea moto wake, nikamkatalia na kumweleza kwa nini. Akanishukuru.

Mashimo ya misingi ndiyo yaliyonitoa jasho. Kwetu Tanga ungechimba futi mbili ukamwaga zege ukaendelea na maisha. Minnesota ardhi inaganda wakati wa baridi, na maji yaliyomo ardhini yakiganda yanavimba na kunyanyua chochote kilichokaa juu yake. Nguzo moja ya deki ya zamani ilikuwa imepanda karibu inchi mbili kuliko wenzake, ndiyo maana mlango wa reli ulikuwa haufungiki. Upande wa kusini wa jimbo hili msingi unatakiwa ushuke inchi 42, kaskazini inchi 60. Nilikodi mashine ya kuchimbia, nikapata mashimo manne ya kipenyo cha inchi 16. Kila shimo lilimeza mifuko 9 ya zege ya pauni 80, yaani kama kilo 36 kila mfuko. Piga hesabu ya mgongo wako mapema, ukodi kichanganyio cha zege na uite vijana wawili. Usimwage zege kabla mkaguzi hajaona kina cha mashimo, atakuambia ulifukue. Na nguzo usiizike ndani ya zege. Ikalishe juu, kwenye kiatu cha chuma kinachoiinua, ili mguu wake ukauke.

Ubao wa ukutani ndio roho ya kazi. Nilibandua mbao za nje za ukuta, nikakata sehemu iliyokuwa imeoza ndani ya nyumba yenyewe, nikaweka mbao mpya. Kazi hiyo peke yake ilikula siku tatu. Juu ya ukuta nikabandika utando wa kuzuia maji, kisha ubao, kisha bati lililokunjwa linaloingia nyuma ya mbao za nje za ukuta na kufunika kichwa cha ubao, ili maji yanayoteremka ukutani yaruke nje yasiingie kwenye mwanya. Bati hilo lisiwe la alumini: dawa ya mbao za siku hizi ina shaba nyingi, na shaba inakula alumini. Ubao nikaubana kwa bolti za nusu inchi zinazopita hadi kwenye mhimili wa nyumba, zimepangwa juu na chini kwa kupishana, kwa nafasi zilizotajwa kwenye jedwali.

Shaba hiyo hiyo inakula pia misumari na skrubu za kawaida. Nunua zilizochovywa kwenye zinki ya moto au za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inakuuma. Na hapa ndipo nilipokosea. Vile vikalio vya bati vinavyoshika ncha za boriti nilivifunga kwa skrubu za kawaida za mbao kwa kuwa drili ilikuwa mkononi na kazi ilikuwa inakwenda haraka. Mkaguzi aliinama, akaangalia kimoja, akaniambia niving'oe vyote. Skrubu hizo ni ngumu lakini hukatika ghafla zikisukumwa kutoka ubavuni, wakati msumari wenyewe wa vikalio hupinda kwanza. Nilitoa skrubu zaidi ya mia mbili. Siku hiyo nilichukia, lakini nilipokumbuka Idi ile nikanyamaza nikafanya.

Mbao za kukanyagia ni kazi ya furaha, inaonekana na inakwenda mbio. Jambo moja tu: mbao za dawa zikitoka dukani mara nyingi bado zimelowa, ni nzito kama zimetoka mtoni. Zipange zikigusana, zitasinyaa zenyewe na kuacha nafasi. Mimi niliacha nafasi ya msumari kama nilivyosoma mahali, na mwaka uliofuata vijiko vya watoto vikawa vinadumbukia. Kila ncha uliyoikata ipake dawa ya mbao, maana dawa ya kiwandani haifiki moyoni mwa mbao.

Reli usiifanye kwa kubahatisha. Deki ikiwa juu ya inchi 30 kutoka ardhini lazima iwe na reli ya angalau inchi 36, na kati ya kijiti na kijiti mpira wa inchi 4 usipite. Kipimo hicho ni kwa ajili ya kichwa cha mtoto. Nguzo za reli zifungwe kwa bolti, kwa sababu watu wazima huegemea wakizungumza, na huegemea wote upande mmoja. Ngazi nazo ziwe na vipandio sawa kwa sawa, kisizidi inchi 7 na robo tatu kwa urefu. Mguu hukariri kipandio cha kwanza, ukibadilisha cha tatu unamwangusha mtu mwenye sinia.

Nilianza Agosti, nikamaliza wiki ya pili ya Oktoba, jioni na wikiendi tu. Vifaa, kodi ya mashine, kibali na jalala, jumla haikufika dola 6,000. Kama ukuta wa nyumba yako umeoza hadi ndani kabisa, au deki iko ghorofani, mlipe fundi mwenye leseni. Mimi ningemlipa.

Rangi niliiacha hadi masika. Unanyunyiza maji juu ya ubao: yakisimama kama matone, mbao bado haijakauka, yakinywewa, paka. Mwezi wa Mei yakanywewa. Idi kubwa ya 2024, Juni 16, tuliwaalika wale wale, na mke wangu akatandika mikeka kwenye deki tangu asubuhi. Kabla ya wageni kufika nilishuka tena na tochi, nikapitisha mkono juu ya kila bolti ya ubao wa ukutani. Palikuwa pakavu.